Miaka Yangu ya Kulinda Mji Mkuu wa Sabuni

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Magoti yangu bado mazima na meno yote yapo, lakini kazi ikiisha imeisha. Jumatatu iliyopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha Jiografia kwa naibu wa mwalimu mkuu. Akaushika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa jino la mtu mwingine. "Huu ni wa wapi?" Nikamwambia ni wa mji mkuu. Akaniambia niache upuzi, niende darasani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yangu ya kuagwa. Soda haikuwepo.

Nawaandikia nyinyi mono wa kidato cha kwanza mliopewa chumba hicho muweke mafagio na mipira iliyopasuka. Najua mnajiuliza kwa nini meza yake ni kubwa vile, na kwa nini mkipumua mle ndani mnasikia harufu ya Jumamosi ya kufua. Nitawaeleza. Vyeo sitavizungumzia: nilikuwa nacho kimoja tu, Meya, na nilijipa mwenyewe. Mshahara nao tuuache. Ulikuwa chai ya mwalimu iliyobaki kwenye thamosi, na si kila wiki.

Siku ya kwanza shuleni nilishuka na sanduku la bati, godoro, na miche miwili ya sabuni kama barua ya shule ilivyotaka. Nilikuja peke yangu. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano, na nyanya anayenilea kule Sigalame ana miguu isiyopenda safari. Baba ni dereva wa treila za kwenda Kampala na mbele zaidi. Shule yetu, mnaona wenyewe, imekaa kilimani kabla ya kufika Malaba, na ukisimama uwanja wa mpira unaziona treila zimepanga foleni kuelekea mpakani, zimetulia kama ng'ombe wanaongoja zamu ya josho. Niliweka sanduku chini nikazitazama, nijue ipi ni ya baba. Kwa mbali treila zote ni mapacha. Prefekti akaja akanipiga kofi la kisogo, akaniuliza kama nimekuja kusoma au kuhesabu magari.

Wiki hiyo hiyo akaingia darasani Mwalimu Etyang, wa Jiografia. Mrefu, mwembamba, suruali moja ya kijivu kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na kipande cha chaki nyuma ya sikio kama fundi seremala. Hakutusalimia. Alisema tu, "Kesho kila mtu aje na nusu mche wa sabuni."

Barasa, tuliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Maze, huyu anafungua duka."

Kesho yake tukapelekwa kwenye chumba kile, nusu miche mikononi kama watu wanaopeleka sadaka. Juu ya meza kulikuwa na mji. Nasema mji. Majengo meupe, safi, yamesimama mbali mbali yasigusane, barabara pana za mchanga uliochekechwa, na ziwa la karatasi ya buluu iliyofunikwa kioo. Ukutani palibandikwa ukurasa mmoja wa kalenda ya zamani, picha ya majengo yale yale.

"Hii ni Brasilia," Mwalimu Etyang akasema. "Mji mkuu wa Brazil. Zamani hapakuwa na kitu pale, ni nyasi. Watu wakakaa chini, wakachora, ndipo wakajenga. Ukiutazama kutoka juu, umbo lake ni ndege."

"Mwalimu," Barasa akauliza, "hiyo ndege inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Imetua."

Mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nimejipa darasani. Adhabu yangu ikawa kuchonga wizara moja kabla ya chakula cha mchana. Nikaomba waya. Nyanya ana kibanda cha duka Sigalame, na tangu nikiwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nikikata miche ya sabuni kwa waya. Ukitumia kisu unavunja, ukitumia waya inateleza kama siagi. Nilikata, nikanyoosha pande kwa rula, nikalainisha pembe kwa kidole gumba chenye maji. Mwalimu akaichukua ile wizara, akaiweka machoni, akafumba jicho moja.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mwalimu. Ni biashara."

"Basi adhabu yako haitaisha."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kwa nini sabuni? Nilimwuliza pia. Alisema wanafunzi wake wa kwanza waliujenga kwa udongo, ukapasuka. Wakaujenga kwa maboksi, mchwa wakahamia bila kuandikishwa. Mbao zilipotea moja moja kwenda jikoni. Sabuni ni nyeupe kama picha, mchwa hawaitaki, na kila muhula inaingia shuleni yenyewe ndani ya masanduku ya watoto. Ni mji pekee duniani, alisema, uliojengwa kwa kodi inayonukia vizuri.

Vifaa vyangu vilikuwa hivi: waya, nusu wembe, kijiko cha bweni kilichochongwa ncha, rula, na spoki za baiskeli. Spoki nilizitoa kwa vijana wa boda boda pale chini barabarani, wao wanavunja kila siku. Kanisa kuu la Brasilia lina nguzo zilizopinda kwenda juu kama vidole vya mtu anayepokea kitu, na hakuna kitu duniani kinachopinda hivyo kama spoki iliyogongwa na gurudumu la mkokoteni. Minara miwili ya Bunge ni miche miwili mizima iliyosimama wima. Pembeni yake kuna bakuli mbili, moja imefunuliwa na moja imefunikwa. Hizo ni kijiko, subira, na kutopiga chafya. Niliharibu tisa kabla ya kupata moja.

Msidhani ilikuwa kazi ya kukaa. Panya hula sabuni. Sikujua mpaka siku nilipokuta Mahakama Kuu imetafunwa ghorofa ya chini yote, imesimama kwa ukaidi tu. Nikajaribu pilipili, wakazoea. Nikajaribu paka wa jikoni, akalala katikati ya Bunge akaliangusha. Mwisho nilitia miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, kama nyanya anavyolinda kabati la sukari na sisimizi, na panya wakakoma.

Lakini panya mbaya zaidi alikuwa na miguu miwili. Siku moja nikahesabu wizara, moja haipo. Nikaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo nyuma ya bweni. Shati la Barasa lilikuwa jeupe kuliko dhamiri yake.

"Umefulia wizara gani?" nikamwuliza.

"Sikusoma jina, Meya. Nilikuwa na haraka."

"Ilikuwa Wizara ya Afya."

"Basi imefanya kazi yake."

Nikamlazimisha anunue kipande kingine, nikamchongesha mwenyewe. Ilitoka imepinda upande kama mtu aliyelewa busaa. Tukaiacha hivyo. Mwalimu Etyang alisema kila serikali ina moja ya namna hiyo.

Kitu kimoja kilinisumbua. Mji haukuwa na watu. Jumapili mchana, wenzangu wakiwa uwanjani, mimi nilikuwa nikikaa mle ndani na kitambaa, nikipangusa vumbi kwenye mapaa, na ule ukimya wa barabara pana ukawa unaniingia mwilini. Nikamwuliza mwalimu kwa nini hatuchongi watu.

"Chonga, kama unaweza."

Nikachonga mmoja, mdogo kama punje ya mchele, nikamsimamisha mbele ya kanisa kuu. Alionekana vibaya. Si kwamba alichongwa vibaya. Mji ulikuwa mkubwa mno kwake, ungedhani amekuja akakuta wote wamehama. Kesho yake asubuhi hakuwepo. Hiyo ilikuwa kabla ya makopo ya maji. Alikuwa raia wa kwanza na wa mwisho, na sikuchonga mwingine.

Siku kubwa ya kazi yetu ilikuwa Siku ya Wazazi. Wazazi walikuwa wakizungushwa: maabara, maktaba, shamba la sukumawiki, halafu wanaletwa kwangu kuitembelea Brasilia. Nilivaa tai ya kuazima, nikashika fimbo ya kuonyeshea. Mwaka wa kwanza nilidhani watauliza habari za usanifu.

"Soko liko wapi?" akauliza mama mmoja, muuza mitumba wa Busia.

"Soko halipo, mama. Huu ni mji wa kupangwa."

"Wamepanga wakasahau chakula?"

"Na mpaka uko upande gani?" akauliza mzee mmoja wa kofia.

"Hauko karibu na mpaka, mzee. Uko katikati ya nchi."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa vijana wa huko wanafanya kazi gani?"

Nyuma yake mama mwingine alikuwa ameinama juu ya meza, pua karibu iguse Bunge. "Ngoja. Hii ni sabuni yangu. Nilimnunulia huyu kijana, akaniandikia barua eti imeibwa."

"Haikuibwa, mama," nikasema. "Imepanda cheo."

Akamgeukia mwanawe. "Na shati unafulia nini? Hotuba?"

Watu wakacheka, Mwalimu Etyang naye akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Mimi nilifurahi siku ile. Sasa niwaambie ukweli wa kazi hii, ambao sikumwambia hata Barasa. Siku ya Wazazi, mvulana asiye na mgeni anaonekana kutoka mbali. Wenzake wamekaa kwenye nyasi na mama zao, wanafunua sufuria za kuku na chapati, na yeye amesimama kando ya ukuta na kitabu, hafungui ukurasa. Ukiwa na tai na fimbo, wewe si huyo mvulana. Mtu akikuuliza, "Wako wamefika?" unamjibu, "Niko kazini."

Nilitaka mtu mmoja tu aingie kwa mlango ule. Mzee Opili, bawabu wetu, kwake ni kule chini karibu na foleni ya treila, na yeye ndiye aliyekuwa posta yetu. Mwaka wa kwanza alileta salamu: baba yuko njiani, atakuja. Foleni ikasogea asubuhi ile ile, na dereva akiacha foleni isogee bila yeye anarudi nyuma kabisa, kwa hiyo akavuka. Mwaka wa pili gari lilimlaza Tororo. Mwaka wa tatu zilikuja sukari na mkate bila maneno. Kila mara, wageni wakishaondoka, nilikuwa nikiuzunguka mji mara moja zaidi na fimbo yangu, nikieleza kwa sauti. Kumweleza nani, msiniulize.

Mwishoni mwa mwaka huo wa tatu Mwalimu Etyang akahamishwa. Moyale, kule jangwani kaskazini. Mtu aliyewafundisha watoto kwamba mji mkuu unaweza kujengwa mahali pasipo na kitu, wakampeleka akahakikishe. Alikuja chumbani na mkoba wake mkononi, akauzunguka mji taratibu, akanyoosha mnara mmoja uliokuwa umenyooka tayari. Akanipa ufunguo.

"Umewahi kufika huko Brasilia, mwalimu?" nikamwuliza. Ajabu, sikuwahi kumwuliza.

"Sijafika hata Mombasa."

Akaibandua ile picha ya kalenda ukutani, akaikunja, akafikiri, akaikunjua tena, akaibandika pale pale. Nikambeba mkoba mpaka barabarani. Hakuna aliyeletwa mahali pake. Kuanzia hapo tulibaki wawili, mimi na mji, na nadhani walimu wengine walisahau kama chumba kile kina kitu.

Muhula huu ukaanza nikiwa kidato cha nne. Siku ya Wazazi ya mwisho kwangu ilipangwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo Mzee Opili akanishika bega pale langoni.

"Nimemwona baba yako kwa macho yangu. Ameingia foleni. Wanasema foleni haitembei mpaka Jumapili. Amesema Jumamosi anakuja kwa miguu kama ni lazima. Ameniuliza, huo mji wa sabuni bado upo?"

"Ukasema?"

"Nikasema upo. Kwani nimekosea?"

Siku tatu sikulala vizuri darasani, na huko ndiko nilikokuwa nikilala. Nilibadilisha mchanga wa barabara. Nilipangusa kioo cha ziwa. Nilinyoosha kila wizara isipokuwa ile ya Barasa. Nilifanya mazoezi ya maneno, nikakata mizaha niliyozoea kuwapa akina mama, nikairudisha.

Alhamisi asubuhi mistarini, matroni wetu Mama Nekesa akasimama mbele badala ya mwalimu mkuu. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, lakini siku ile aliongea polepole. Vijana saba walikuwa chumba cha wagonjwa, wanahara na kutapika. Kipindupindu kilikuwa kimesikika ng'ambo ya mpaka, na sasa kilisikika huku.

"Maji yatachemshwa, hiyo ni kazi yangu," alisema. "Lakini nataka sabuni. Kwenye choo, kwenye mlango wa jikoni, kila bweni. Madukani hapa Malaba imeisha, watu wamefagia yote. Ng'ambo pia. Mwalimu mkuu ameagiza, itafika Jumatatu. Nani ana sabuni ya kutufikisha Jumatatu?"

Mnajua wenyewe muhula ukifika wiki ya tisa sabuni ya mwanafunzi imekuwa hadithi. Vikatolewa vipande vyembamba kama kucha, vingine vina nywele. Havikujaza hata kikombe. Mama Nekesa akavitazama, akauliza tena, "Hakuna mwingine?"

Nilikuwa mstari wa pili. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Zaidi ya miche hamsini ilikuwa hatua mia moja kutoka aliposimama, na pale mistarini hakuna aliyeonekana kuikumbuka isipokuwa mimi na Barasa. Barasa akanitazama. Mimi nikatazama viatu. Nilijiambia Jumatatu si mbali. Nilijiambia Jumamosi baba atakuwa ameshaona, halafu wachukue wote. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na akili.

Tulipotawanyika Barasa akasema, "Meya, mimi siko ndani ya serikali yako. Sijasema kitu." Akaenda zake.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Barasa akaanguka njiani kwenda chooni. Nilipomfikia alikuwa amekaa kwenye majani, ameshika tumbo kwa mikono miwili, midomo imekauka.

"Maze," akasema, "nadhani ile wizara niliyofulia inanidai."

"Nyamaza."

"Usinibebe vibaya. Shati ni safi."

Mimi na mwenzangu mmoja tukamwingiza kwenye gari la mwalimu mkuu, akapelekwa hospitali Kocholia pamoja na wengine wawili. Lilipokunja kona kwenye mti wa msonobari nilibaki nimesimama na kiatu chake kimoja mkononi. Halafu nikaenda kwa Mama Nekesa nikamwambia aje, nina kitu.

Nilifungua mlango, akasimama kizingitini muda mrefu. Hakuwahi kuingia.

"Hii yote ni sabuni?"

"Isipokuwa ziwa, mama. Na spoki."

"Umefanya wewe?"

"Mimi na wengine. Na mwalimu."

"Jana nikiuliza, ulikuwa umesimama wapi?"

"Mstari wa pili."

Nilingoja kofi. Ningelishukuru. Aliingia ndani, akazunguka meza kwa mwendo ule ule wa Mwalimu Etyang siku ya kuondoka, mikono nyuma, asiguse kitu. Akatazama bakuli ya Bunge iliyofunikwa.

"Anza wewe," akasema. "Mimi siwezi kuvunja kitu cha mtu."

Nikaanza na nyumba za wafanyakazi, zile zilizo kwenye mabawa ya ndege. Nilizitia kwenye karai mbili mbili. Halafu wizara, upande wa kushoto, upande wa kulia. Mama Nekesa alizipokea, akagonga moja mezani, ikalia kama mfupa.

"Umezikausha vizuri," akasema. "Sabuni kavu hivi haiishi haraka. Hii moja itamaliza siku nzima chooni." Ndiyo sifa pekee ya kitaalamu niliyopata katika utumishi wangu wote, nimeiandika ilivyo.

Kufikia jioni kila mlango wa shule ulikuwa na mtungi wa maji uliotobolewa na jengo la serikali kando yake. Mahakama Kuu ilikwenda jikoni. Minara ya Bunge ilikwenda bweni la kidato cha kwanza, nyinyi ndio mliiogea, mkapigana nayo. Kanisa kuu nilitoa spoki kwanza, zisimkate mtu. Kitu kimoja sikukitoa. Ikulu, ile ndogo yenye nguzo nyembamba mbele, niliifunga kwa leso nikaiweka sandukuni. Nilifikiri nitamwonyesha angalau hiyo.

Jumamosi, Siku ya Wazazi ilikuwa imefutwa, lakini ujumbe haukufika kila mahali. Simu ya shule ni ya kuzungusha, na ina kufuli. Wazazi wakaanza kutokea langoni na sufuria zao tangu saa tatu. Mwalimu mkuu akaamuru mtu asiingie wala asitoke. Waongee kupitia seng'enge kwa mbali kidogo, wanawe mikono kwanza, chakula kirudi nyumbani. Mzee Opili akaja akinitafuta.

"Kijana, pale langoni sina sabuni. Watu wanashika seng'enge, wanashikana mikono, mimi ni mmoja. Mama Nekesa amesema uliza yule wa mji."

"Imeisha, mzee."

Hakuondoka. Mzee Opili ni mtu wa kungoja, ndiyo kazi yake. Nikaenda bwenini, nikafungua sanduku, nikamletea ile leso. Aliifungua, akazitazama nguzo, akanitazama mimi, akaenda nayo.

Baba alikuja saa saba hivi. Nilimtambua kwa mwendo, yule mtu anayetembea kama bado anasikia mtetemo wa injini. Alikuwa amevaa shati la Jumapili juu ya suruali ya grisi, lina mistari ya kukunjwa, na ndara miguuni. Amemwachia utingo gari kwenye foleni. Nilisimama upande wangu wa seng'enge, hatua nne, kama tulivyoagizwa.

"Boss, hapo hapo," Mzee Opili akamwambia. "Nawa mikono kwanza."

Baba akainama kwenye mtungi. Akaichukua sabuni, akaigeuza. Nguzo mbili zilikuwa zimeshayeyuka kwa mikono ya watu waliotangulia, tatu bado zipo.

"Sabuni gani hii ina miguu?"

"Nawa tu, boss."

Akanawa, akajipangusa kwenye suruali, akakumbuka suruali ni ya grisi, akanawa tena. Ndipo akaniona.

"Eh! Mzee wangu. Umekuwa mrefu hivi, nani amekuruhusu?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wanasema hatuingii. Sasa huo mji wenu nitauonaje?" Alikuwa akitabasamu, lakini akinitazama vizuri. "Kila nikipita hapa chini naambiwa habari zake. Madereva wanajua. Wanasema mtoto wa fulani ana mji."

Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu, yamefanyiwa mazoezi. "Umeisha, baba. Tumeutumia kunawa. Kuna ugonjwa."

"Wote?"

"Wote. Hiyo ya mwisho umeishika."

Akatazama mkono wake. "Hii?"

"Hiyo ni Ikulu."

"Ya rais?"

"Ya rais mwenyewe."

Nyuma yake mama mmoja alikuwa akilia polepole, ameshika sufuria ya kuku, asijue aipeleke wapi. Baba akavua saa yake akaitia mfukoni. Akakunja mikono ya lile shati la Jumapili mpaka juu ya viwiko, akafungua maji ya mtungi kidogo, akaanza upya, kidole kimoja kimoja.

"Haya," akasema, bila kuondoa macho kwenye sabuni. "Mimi ni dereva. Natoka nje naingia huo mji. Natokea upande gani?"

"Unatokea mkiani, baba. Ni ndege. Barabara ni pana, magari sita yanapita sambamba."

"Foleni?"

"Hakuna foleni."

"Hebu sema ukweli."

"Hakuna, baba. Hata kuvuka hakuna. Unaenda moja kwa moja, wizara ziko huku na huku, zote zinafanana, isipokuwa moja imelewa."

Akacheka kwa pua. Povu lilikuwa limefika kwenye viwiko. Nguzo ya tatu ikakatika ikaanguka kwenye majani, akainama akaiokota, akaitumia nayo.

"Mbele naona nini?"

"Minara miwili. Halafu ziwa."

"Boss," Mzee Opili akasema, "maji yanaisha, na watu wanangoja."

"Hatujafika," baba akamjibu. Macho yake yalikuwa kwangu. "Kijana, niambie, kwenye ziwa nashika wapi?"

Nikamwambia ashike kulia.